Panya wa Bi Kazija na Chungu Kisicho Chumvi

Vijana wangu, juzi mlinialika chuoni kwenu niwaeleze habari za kazi ya mifugo ya zamani. Mlinipa kiti kizuri na maji ya chupa, mkaniuliza kuhusu chanjo, kuhusu kupe, kuhusu ng'ombe wa maziwa walipoanza kuletwa. Nikajibu. Halafu binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Babu, mnyama gani alikusumbua zaidi katika kazi yako?" Nikasema panya. Mkacheka wote, kengele ikalia, mkatoka. Nikarudi nyumbani na jibu langu nusu, na tangu siku hiyo linanikera. Basi nimekaa kuiandika nusu iliyobaki.

Nilianza kazi kabla ya mapinduzi, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nina miaka kumi na tisa. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja na ghala la dawa, na wafanyakazi wake tulikuwa wawili: mimi na mkubwa wangu, Bwana Sudi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya kazi ya mkono iliyofuliwa mpaka nakshi zake hazisomeki, na maneno alikuwa akiyatoa moja moja kama mtu anayegawa dawa. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwa punda aliyekuwa akichechemea. Mimi, kijana mwenye cheti kipya, nikaenda moja kwa moja kumshika mguu. Punda akanipiga teke la paja nikakaa juu ya rundo la makumbi ya nazi. Bwana Sudi akangoja mpaka nimeinuka na kujipangusa, kisha akaniuliza, "Umeuona mguu unaomuuma?"

Nikasema sikuuona.

"Mimi nimeuona. Ni ule asiokupigia."

Yashikeni hayo. Mnyama akijua anatazamwa huficha maradhi yake, na akishikwa ndiyo huyaficha zaidi. Anzeni mlangoni. Mtazameni anavyosimama, anavyogeuka, anavyokula akidhani yuko peke yake. Pumzi zake zihesabuni akiwa amelala, kwa maana akiamka tu hesabu yote imeharibika. Mikono iwe ya mwisho. Mimi mwenyewe niliambiwa hayo juu ya makumbi, na bado ilinichukua mwaka mzima kuyaelewa. Aliyenielewesha ni panya.

Katika kijiji cha Mgogoni alikuwako mkunga, jina lake Bi Kazija. Alikuwa mrefu, mkavu, na sauti iliyozoea kuamrisha. Wanaume wazima wakimwona njiani walishuka kwenye baiskeli zao, kwa kuwa nusu yao ndiye aliyewapokea walipozaliwa. Mumewe alikwishafariki, na mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi Mombasa. Siku moja nimetoka kuchanja ndama, akanisimamisha njiani.

"Weye ndiye wa wanyama?"

"Ndimi, Bi Kazija. Shikamoo."

"Marahaba. Wa wanyama wote?"

"Wenye miguu minne, inshallah."

"Basi mie n'na mmoja, miguu yakwe minne. Njoo."

Nikamfuata nikitazamia mbuzi. Akanipitisha mpaka jikoni, kwenye banda la uani, akanionyesha tenga kubwa lililolazwa ubavu. Ndani yake alikuwamo panya buku. Wale ambao hamjamwona buku, msifikirie panya wa darini. Huyu ni panya wa shambani, mkubwa kama paka, mkia wake mrefu ncha yake nyeupe, na ndani ya mashavu ana mifuko ya kubebea chakula. Bi Kazija alimwita Hamali, kwa sababu alipokuwa kijana alikuwa akijaza mashavu muhogo mpaka kichwa kinapita mwili, kisha anakwenda kuushusha pembeni na kurudi kuchukua mwingine, sawasawa na wachukuzi wa bandarini. Alimwokota shambani akiwa hajafumbua macho, mama yake keshanaswa na mtego. Akamlea kwa maziwa ya mbuzi, akichovya pamba na kumnyonyesha. Miaka saba ilikuwa imepita. Buku wa miaka saba ni mzee wa mkongojo.

"Watu wasema n'nafuga jini," Bi Kazija alinambia. "Jini gani huyu, hata kizingiti chamshinda?"

Kweli kilimshinda. Alikuwa amekaa kitako, kichwa kakielekeza juu, viwiko kavitanua, anahema. Ubavu ulikuwa ukipanda na kushuka upesi kama mvukuto wa mhunzi. Tumbo limevimba, na muhogo uliokuwa mbele yake ulikuwa wa jana. Nikafanya nini? Nikamkamata. Akahangaika mikononi mwangu, akatoa sauti ya kukwaruza, na nyayo zake zikageuka rangi ya zambarau. Nikamrudisha haraka. Nilichosikia kifuani mwake ni maji maji, kama mtu anayetembea kwenye matope, nikakata shauri kwamba ni baridi ya kifua. Nikampa unga wa dawa ya kifua niliokuwa nao mkobani, nikamwambia Bi Kazija amfunike vizuri na amnyweshe supu ya papa mkavu apate nguvu.

"Papa?" akauliza.

"Papa, Bi Kazija. Mwenye chumvi ya kutosha. Humtia mnyama hamu."

Nilisema hayo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Naye, ambaye alikuwa hamsikilizi hata shehe wa mtaa akisema jambo la uzazi, akanisikiliza.

Siku ya nne niliporudi, Hamali alikuwa hawezi kulala kabisa. Kila akijilaza alikabwa, akaamka, akaegemea ukingo wa tenga macho yamemtoka. Bi Kazija hakunilaumu. Alinambia tu, "Supu kanywa yote," na hayo yalinichoma kuliko matusi. Nikapanda baiskeli mpaka kituoni, nikamwambia Bwana Sudi habari yote, nikitarajia atacheka kwa kuwa mgonjwa ni panya. Hakucheka. Alichukua kofia yake akasema, "Twende."

Bwana Sudi alisimama kwenye mlango wa jiko lile, na wala hakuingia. Alisimama muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Bi Kazija naye akasimama upande wa pili, amefunga mikono, wanatazamana watatu, pamoja na panya. Kisha Bwana Sudi akaingia taratibu, akampa kipande cha ndizi, na Hamali alipokuwa akikinusa akamgusa tumbo kwa vidole viwili. Tumbo likatikisika kama kiriba cha maji.

"Maji," akasema. "Maji tumboni na maji kifuani. Mapafu hayana ugonjwa wao wenyewe. Moyo umechoka, Bi Kazija. Unasukuma damu haufikishi, na maji yanarudi nyuma yanatuama. Anakula nini?"

"Supu ya papa. Kama alivyosema kijana wako."

Nilitamani tenga lile liwe na nafasi ya pili.

"Chumvi huyashika maji mwilini," Bwana Sudi akasema. "Tangu leo asionje chumvi. Papa basi. Supu basi."

Tukarudi njia ile ile mpaka penye daraja. Hapo akauliza, "Hiyo supu nani alikufunza?"

"Mama yangu."

"Mama yako alikuwa akimtibu nani?"

"Mimi. Nilikuwa na mafua."

"Basi," akasema, na mpaka anastaafu hakulitaja tena.

Ghalani kulikuwa na chupa moja ya dawa ya moyo. Ililetwa kwa ajili ya mbwa wa mzungu mmoja wa serikali, na mbwa akafa kabla haijafunguliwa. Bwana Sudi akapiga hesabu ya uzito wa mbwa na uzito wa buku, akaipunguza tena kwa ajili ya uzee, akanipa chupa ndogo aliyoichanganya na maji na kijiti cha kudondoshea. "Matone mawili asubuhi, mawili jioni, juu ya ndizi mbivu kwa sababu ni chungu. Dawa hii mlango wake mwembamba. Kidogo kinaponya, kidogo zaidi kinaua."

Nikapanga na Bi Kazija namna ya kumtunza. Tuliondoa vumbi la makumbi alilokuwa akilalia, maana lilimkaba, tukamtandikia kanga kuukuu. Upande mmoja wa tenga tukauinua kwa jiwe ili alale kichwa juu. Maji na chakula tukaviweka karibu asitembee. Tukamgawia chakula kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo likijaa linakisukuma kifua. Boga, ndizi, muhogo wa kuchemsha, nazi kidogo. Adhuhuri, jua likiwa kali, Bi Kazija alimwagia maji sakafu ya jiko ipoe. Na kila asubuhi, akiwa amelala, alihesabu pumzi zake, kila pumzi kumi akiweka kokoto moja kwenye kawa ya kufunikia chakula, huku mimi nikitazama saa yangu mpaka dakika iishe. Siku nilizokuwa sipo alipima kwa kusoma sura ya Kulhuwallahu mara tatu polepole, na nawaambia alikuwa sawa na saa.

Uzito nao ulitaka kupimwa, maana maji yakipungua uzito hupungua. Mizani pale kijijini ilikuwa moja, ya dukani kwa Bwana Suleiman. Bi Kazija akaingia na Hamali ndani ya kikapu, akakiweka kwenye sahani ya mizani.

"Bi Kazija, sahani hiyo napimia sukari," Bwana Suleiman akasema kwa unyonge.

"Mie nalikupima weye kwa mkono huu, hujatimiza hata robo saa duniani. Ratili sita na ushei. Leo wanikataza mizani?"

Akapima. Tulipotoka nikamwona Bwana Suleiman akiiosha sahani mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyoamrisha, utadhani tumempelekea mbwa. Lakini kila Ijumaa asubuhi tuliporudi alikuwa keshaiweka tayari, na wiki ya tatu ndiye aliyetangulia kuuliza, "Kapungua?" Alikuwa amepungua. Tumbo lilianza kurudi. Hamali alilala kwa ubavu kwa mara ya kwanza, na Bi Kazija akaniita nimtazame kana kwamba ni mtoto aliyeanza kutembea.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, nalo mlisikie vizuri kwa sababu ni kosa la kijana aliyefanikiwa. Nilijiambia: kama matone mawili yameleta haya, manne yataleta nini? Sikumwuliza Bwana Sudi. Nikamwambia Bi Kazija aongeze. Siku mbili baadaye Hamali akaikataa ndizi. Akakaa ameinama, na nilipoweka sikio nikasikia moyo unapiga, unasita, unapiga mara mbili, unasita tena. Nikaanza kupekua mkoba kutafuta dawa ambayo sikuwa nayo.

"Usihangaike," Bi Kazija akasema. "Jana jioni mie sikumpa. Leo asubuhi sikumpa."

"Kwa nini?"

"Nalimwona macho yakwe. Mtoto aliyezidishiwa dawa namjua. Weye ulikuwa wafurahi, sikutaka kukukatiza furaha. Dawa nalikatiza."

Hamali alikaa bila dawa siku tatu, moyo ukarejea mwendo wake, tukarudi kwenye matone mawili. Nilikwenda kwa Bwana Sudi nikakiri mwenyewe, na nilipokiri alinipa kiti, jambo ambalo alikuwa hajalifanya. Akasema, "Yule mama ndiye bwana mifugo. Weye mshikie mkoba."

Basi miezi ikapita hivyo. Nilikuwa nikipita Mgogoni mara mbili kwa wiki, na siku hiyo ninayotaka kuwaambia tulikuwa tumeinama juu ya tenga tunahesabu. Hamali alihema vizuri, pole pole. Lakini palikuwa na pumzi nyingine ya haraka karibu na sikio langu. Ilikuwa ya Bi Kazija. Nikakumbuka mlango wa jiko na namna Bwana Sudi alivyosimama. Nikatazama bila kumtazama. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimekatwa na kuungwa upya kwa kitambaa, ndefu zaidi, kwa sababu miguu iliyovimba haikuingia. Na kwenye ukuta wa chumba chake, juu ya kitanda, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, niliona alama nyeusi ya mafuta ya nywele mahali ambapo mtu huegemeza kichwa akilala amekaa.

Nikamwuliza, "Bi Kazija, tangu lini hulali ukajinyoosha?"

Aliziokota kokoto zake moja moja. "Tangu mwaka juzi," akasema. "Sasa afadhali. Mwanzo hata kisimani sifiki. Lakini mie siwezi kupika vyungu viwili, mwanangu. Siku mlipokataza chumvi ya Hamali, chumvi ikatoka nyumba nzima. Boga lake ndilo langu. Mchuzi usio chumvi ni maji ya kusuuzia chungu, lakini n'nakula. Miezi mitatu n'nakula chakula cha panya, na pumzi zangu zimerudi nusu."

"Ulijua ni maradhi hayo hayo?"

"Siku mkubwa wako alipomgusa tumbo. Alikuwa akisema habari zangu, naye hajui."

Nilimwambia aende hospitali. Nilimwambia kwa upole, kisha kwa sauti, kisha kwa kumsihi, kwamba mimi ni wa wanyama na hiyo nusu iliyobaki haimo mkobani mwangu. Akakataa. Yeye mkunga, akasema, kawatoa watoto wa watu mitaa yote, leo akalazwe kitandani afunuliwe miguu na vijana aliowakata vitovu? Na Hamali atabaki na nani? Hapo nikaona kwamba sababu ya kwanza ilikuwa fahari na ya pili ilikuwa kweli.

"Atabaki kwangu," nikasema.

Nilisema kabla ya kufikiri, na kabla ya kumwuliza mke wangu.

Mke wangu Time, Mungu amrehemu, alikuwa mwoga wa panya kiasi cha kupanda juu ya kitanda akisikia mkwaruzo darini. Nilipoingia na tenga alipanda kitandani. Nikamweleza. Nilipofika kwenye viatu vilivyokatwa kamba akasema, "Mweke uani. Mimi sitamgusa." Siku ya kwanza alimsukumia boga kwa mwiko. Siku ya tatu nilirudi kazini nikamkuta amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, na Hamali pembeni yake anapangusa masharubu kwa mikono miwili. "Kala mara tatu," akanambia, bila kuniangalia. "Pumzi zake nimezihesabu. Umechelewa."

Bi Kazija alikaa hospitali siku kumi na mbili. Nilikwenda kumtazama siku ya Jumapili, nikamkuta amekaa wima kitandani, anamfundisha muuguzi mmoja namna ya kumfunga mtoto mchanga. Alipewa vidonge vya moyo na dawa ya kutoa maji, na miguu yake ilikuwa imerudi kuwa miguu. Daktari alimwuliza nani aliyemkataza chumvi, maana hilo ndilo lililomfikisha pale akiwa hai.

"Nalimjibu, daktari wa panya," akanambia. "Akadhani n'namtukana mtu."

Alipotoka nikamrudishia tenga lake, na Hamali aliishi miezi minane mingine. Kwa buku mwenye moyo ule ni umri wa kushukuru. Hakurudi kuwa kijana, na nyinyi msije mkamwahidi mwenye mnyama mambo hayo. Moyo uliochoka hauponi, hupumzishwa. Lakini miezi ile minane alikula kwa hamu, alilala kwa ubavu, alitoka jikoni jioni kuota jua, na alipata tena kuweka kipande cha muhogo shavuni akakipeleka pembeni. Kimoja tu, kisha akapumzika. Bi Kazija aliyaona hayo yote kwa macho yake, na akiwa anahema kwa raha.

Hamali alikufa asubuhi moja mwanzo wa mvua za masika, usingizini, jirani na ganda la boga. Niliambiwa na mwenye duka, Bwana Suleiman, aliyenisimamisha barabarani na kunambia "Pole" kwa uso wa msiba. Nikageuza baiskeli. Njia nzima nilijiuliza kama mtu huenda kuhani msiba wa panya, na kama huenda, husema nini.

Sikupata nafasi ya kusema. Nilimkuta Bi Kazija keshamzika nyuma ya jiko, penye matuta ya muhogo, na mikono keshanawa. Alikuwa anatoka, mkoba wake wa ukunga begani. Macho yalikuwa mekundu, sikuyauliza.

"Umekuja na baiskeli?"

"Nimekuja nayo."

"Shumba kuna ntu ashikwa na uchungu tangu alfajiri. Mtoto wa kwanza. Nipakie."

Akakaa ubavu nyuma, mkoba mapajani, kanga kaibana kwa mkono mmoja na mkono mwingine kaushika mkanda wangu. Njia ilikuwa ya tope. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, naye nyuma akinambia kata kushoto, ongeza, usipite kwenye dimbwi, na mahali pa mlima akashuka akapanda kwa miguu yake mwenyewe, mbele yangu, hakusimama hata mara moja kutafuta pumzi. Juu akanisubiri.

Tulipofika wanawake wakampokea mlangoni. Akanigeukia. "Usiondoke. Utanirejesha."

Nikaisogeza baiskeli kivulini, nikakaa kwenye gogo na baba wa mtoto. Mvua ikanyesha kidogo ikakatika. Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado tuliposikia mtoto akilia, na juu ya kilio hicho sauti ya Bi Kazija ikiamrisha maji ya moto.